Kiti cha Kushoto

Kuna dereva mmoja ambaye nimemtukana miaka mingi bila kujua jina lake. Ni yule anayeingia mkono wa kushoto wa bulevadi, ule ulioachwa kwa ajili ya kupitana, akashika usukani kwa mikono miwili na kwenda mwendo wa mtu anayesindikiza maiti. Mkono wa kulia hauna mtu. Nyuma yake yamejipanga magari kumi na tano, yote yanapiga honi, na yeye hana habari. Taa yake ya kuonyesha anapinda inawaka tangu Kigobe, wala hapindi.

Nikimkuta huyo, damu inachemka. Mimi ni mtu wa ofisi tu, naitwa Ildephonse. Nakaa Ngagara na kazi yangu iko Kigobe, safari ambayo hata ukisimama njiani kununua karanga haimalizi dakika ishirini. Lakini ungenisikia barabarani ungedhani nimebeba mgonjwa anayekata roho. Tangu mafuta yawe ya kupangia foleni siku mbili, watu wa aina hiyo wameongezeka, maana kila mmoja anakwenda polepole ili tanki limfikishe Jumapili. Foleni hiyo nami nasimama, sababu yao naielewa vizuri. Nilikataa tu kuwasamehe.

Naeleza haya kwa sababu mke wangu ana jicho moja lililokwisha na la pili linalofuata. Muda wa kuyatibu ulikuwepo, na muda huo nilimharibia mimi, barabarani, kwa haraka zangu. Nilichomfanyia kilianza na dereva kama huyo, siku ya Jumamosi, mwezi wa nane mwaka jana.

Kwanza niseme juu ya gari. Sisi hapa tunaendesha mkono wa kulia wa barabara, lakini magari yetu mengi yametoka Japani na usukani wake uko kulia vilevile. Langu ni hivyo. Kwa hiyo ukiwa nyuma ya lori kwenye barabara ya magari mawili, wewe dereva huoni kitu. Unaona matope ya lori na majani ya kando. Anayeona mbele ni yule aliyekaa kushoto, pale ambapo kwa wenye akili pangekaa usukani. Yeye ndiye anayechungulia, akakuambia "bado" au akakuambia "libre," yaani njia iko wazi, na ukisikia "libre" unatoka bila kuuliza swali. Watu wanaopanda kwenda Bugarama wanajua ninachosema. Hicho kiti hakikaliwi na mtu yeyote tu.

Kwenye gari letu kiti hicho kilikuwa cha Adélaïde, mke wangu. Ni mzaliwa wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili, na kwa ajili yake nyumba yetu inagombana na kupatana kwa Kiswahili, Kirundi tunawawekea wageni. Kwa miaka kumi na minane nimependa namna alivyokaa pale. Mkono mmoja ameshika mpini ulio juu ya mlango, shingo ameinyoosha kidogo, na hata akiwa katikati ya hadithi ya jirani aliikata, akasema "libre," kisha akaendelea na jirani palepale alipomwacha. Sikuwahi kumshukuru. Ilikuwa kazi yake kama kupiga gia ilivyokuwa yangu.

Halafu mwaka juzi akaanza kuchelewa. Nikimuuliza anageuza kichwa chote, anaangalia, anaangalia tena, ndipo anasema "bado." Na mimi namwona wa nyuma yetu anatoka, anatupita, anapotelea mbele salama salimini, na njia ilikuwa nyeupe. Nilianza kumtania. Nikamwambia amezeeka kabla ya mama yangu. Nikamwambia yeye na wale wazee wanaokaa kushoto kwenye bulevadi ni wa ukoo mmoja, nitampeleka akatambulishwe kwa wajomba zake. Mwanzoni alicheka.

Sasa ile Jumamosi. Mtoto wa dada yangu, Valéry, alikuwa anatoa mahari huko Muramvya, ile sherehe tunayoiita dot, na mimi ndiye niliyekuwa msemaji wa upande wa bwana harusi. Msemaji asipofika hakuna kinachoanza. Na wenyeji wakikuona umechelewa, msemaji wao anasimama mbele ya mahema mawili ya watu na kukuuliza kama mmekuja kuoa au kuomba njia. Kisha anakupiga faini ya makreti ya bia huku watu wanapiga makofi. Jambo hilo lilinitia homa tangu Alhamisi. Wengine walitangulia na basi dogo. Sisi tulibaki kusubiri shati langu lipigwe pasi, tukatoka wanne: mimi, Adélaïde kwenye kiti chake amevaa imvutano yake ya kijani, vazi letu la sherehe, na nyuma mdogo wangu Audace na dada yangu Carmen, mama yake Valéry.

Hatukufika hata Kamenge. Kwenye bulevadi, mkono wa kushoto, tukamkuta. Corolla nyeupe ya zamani, ndani yake mzee mwenye kofia, anatambaa sambamba na ukingo wa katikati kana kwamba amefungiwa humo. Kulia kumejaa baiskeli za ndizi, siwezi kupenya. Nikapiga honi mpaka Carmen akaziba masikio.

"Muache, Papa Mélissa," Adélaïde akasema. Mélissa ni binti yetu. "Labda iko anafuata ile bordure ya katikati. Kama mutu haoni muzuri pembeni, bordure inamusaidia."

"Mutu haoni, abaki kwake!" nikamjibu. "Asikae mbele ya watu."

Nakumbuka alilaza mikunjo ya nguo yake mapajani, polepole, mkunjo mmoja baada ya mwingine. Mimi nilikuwa naangalia saa.

Baada ya Kamenge barabara inaanza kupanda, na kwenye mlima tukaingia nyuma ya lori la saruji. Lilikuwa linapumua moshi mweusi, vijana wawili wa baiskeli wameling'ang'ania nyuma. Kona, kona nyingine, kisha kipande kilichonyooka.

"Vipi?" nikauliza.

"Bado."

"Na sasa?"

"Bado, ngoja kwanza."

Taksi moja ikatupita. Pikapu ya bibi mmoja na kabichi zake ikatupita. Basi la abiria lenye mizigo juu likatupita, na msaidizi wake akatupungia mkono dirishani. Nikajilaza upande wa Adélaïde mpaka kichwa changu kikakaribia bega lake, nikachungulia mwenyewe. Njia ilikuwa tupu mpaka kona ya juu.

"Sasa hii bado gani?" nikapaza sauti. "Uko unaangalia nini? Watu wote wameshapita, hata bibi wa kabichi amepita! Unataka nifike kule wamemaliza kula?"

"Usinilalamikie, iko najaribu."

"Unajaribu nini? Kitu ni kuangalia tu!"

Nilisema mengine. Niliyasema mbele ya dada yangu na mdogo wangu, na hakuna aliyenizuia. Kipande kilichofuata kilikuwa kirefu. "Libre?" nikauliza, kwa ile sauti ambayo haitaki jibu lingine. Adélaïde alishika mpini wa juu kwa mikono miwili. Alichelewa kidogo.

"Libre," akasema.

Nikatoka. Minibasi iliyokuwa inashuka ilikuwa hapo hapo, nimeuona uso wa dereva wake, ana ndevu. Carmen alipiga kelele. Nilivuta usukani, nikajibana nyuma ya lori kwa nafasi ya kiganja, na minibasi ikapita na kioo chetu cha pembeni ikakiacha kinaning'inia kwenye waya. Nilisimama kando.

"Unataka kutuua?" nikamwambia.

"Mi sikuiona," akasema. Rangi ilikuwa imemtoka. "Vraiment, sikuiona."

"Unaingiza uzi kwenye sindano kwa mara moja, leo gari nzima huioni?"

Ni kweli, uzi alikuwa anaingiza kwa mara moja, bila miwani, chini ya taa dhaifu ya sebuleni. Hicho ndicho kilichokuwa kichwani mwangu. Sikujua wakati ule kwamba mtu anaweza kuona tundu la sindano na asione minibasi, wala sikutaka kujua. Alifungua mdomo kunijibu. Nikaangalia saa. Ilikuwa saa nne kasorobo, na saa nne na nusu ndiyo niliyotakiwa kuwa nimesimama mbele ya wenyeji.

"Toka," nikasema. "Ingia nyuma. Audace, kuja mbele."

Alishuka. Audace akasema, "Pole, shemeji," akiwa ameinamisha macho, akaingia. Adélaïde alizunguka gari kwa nyuma, mkono wake unapapasa bati, na pale kando ya mtaro mguu ukamponyoka, akadaka mlango. Nikamwona kwenye kioo cha ndani. Nikadhani ni hasira inayomtembeza vibaya. Audace alipokaa tu, akachungulia, akasema, "Libre, kaka, pita," na tukalipita lile lori, na pikapu, na lile basi la abiria pia. Nilimpungia mkono yule msaidizi.

Tulifika na dakika tano za ziada. Nilizungumza vizuri siku ile, mpaka leo watu wa Muramvya wananisalimia kwa ajili ya maneno yangu. Wenyeji walicheka nilipotaka wacheke na wakanyamaza nilipotaka wanyamaze. Msichana mmoja alipitisha sahani ya nyama. Alisimama upande wa kushoto wa Adélaïde ameinyoosha, akasimama, akasimama, na Adélaïde hakugeuka kumtazama. Watu wakaanza kuangaliana. Nikaona aibu. Nikajisemea moyoni: amenuna, ananiaibisha mbele ya wakwe. Usiku nyumbani sikumsemesha, nikingoja aombe msamaha.

Toka siku hiyo Audace ndiye aliyekuwa wa mbele. Asubuhi anapanda nami kwenda kazini, Jumamosi tunakwenda naye kwa mama. Hakuwa na bado nyingi. Kabla sijauliza ameshasema. Nilijisikia kijana upya. Miezi kumi niliwapita watu wote wa mji huu, niliwapita kulia na kushoto, nikafika ofisini saa moja na dakika tano na kusimama nje ya mlango kumsubiri mwenye funguo, ambaye huja saa moja na nusu. Siwezi kukumbuka hata mahali pamoja ambapo zile dakika zilinifaa kitu.

Adélaïde alikaa nyuma. Akawa mtu wa maneno machache garini, na hadithi za majirani zikaisha. Mélissa, ambaye ana miaka kumi na mitano na macho ya askari, aliwahi kuniambia jikoni: "Papa, Mama ukimupa kitu upande huu wa kushoto, hachukui." Nikamwambia mama yake ananuna, mambo ya watu wazima, asome vitabu vyake. Hivyo ndivyo nilivyomjibu mtoto aliyeniletea ukweli mkononi.

Mwezi wa sita mwaka huu tulikuwa tunatoka misa ya pili. Adélaïde alikuwa kushoto kwangu, mimi naongea na mtu wa kwaya. Nikasikia kishindo, na nilipogeuka hayupo. Alikuwa ndani ya mtaro wa mawe, ule usiofunikwa, ameanguka na goti limepasuka. Mtaro huo tumepita kando yake kila Jumapili tangu tuoane. Muuguzi aliyemshona goti hakuridhika. Alimwuliza mara mbili ameangukaje, kisha akasimamisha kalamu pembeni ya uso wake, akaisogeza, akaniangalia mimi. Akasema tumtafute daktari wa macho wiki hiyo hiyo.

Daktari alikuwa mwanamke mdogo, mtaratibu, kwenye kliniki moja ya Kamenge. Alipima, akaweka matone, akapima tena. Halafu akakaa mbele ya Adélaïde, goti kwa goti, akamwambia afunge jicho la kulia kwa kiganja na amtazame yeye puani. Mimi nilikuwa kwenye stuli ya mlangoni. Daktari alinyoosha mkono wake mbali upande wa kushoto, kidole kinachezacheza, akaanza kukileta.

"Utaniambia ukikiona. Unakiona?"

"Bado," Adélaïde akasema.

Kidole kikafika usawa wa bega.

"Sasa?"

"Bado."

Kikafika sikioni. Kikapita shavu. Mimi nilikuwa nakiona tangu mwanzo, na nilitaka kupiga kelele kwamba kiko pale, kiko pale.

"Sasa?"

"Bado, ngoja kwanza," akasema, kwa sauti ile ile, shingo ameinyoosha vile vile.

Kidole kilikuwa karibu kugusa pua yake aliposema, "Eh. Sasa nakiona."

Ni presha ya macho. Daktari alieleza kwa maneno mepesi: inakula pembeni kwanza, haiumi, na katikati inabaki wazi mpaka mwisho. Mtu anasoma Biblia na kuingiza uzi kwenye sindano, huku kando kumezimika. Jicho la kushoto limebakiza tundu dogo. La kulia limeliwa nusu. Matone yatalinda kilichobaki, kwa kiasi fulani. Kilichokwenda hakirudi.

"Ilianza lini?" daktari akauliza.

Nilidhani atasema hajui. Alijua. "Kama miaka mbili. Mi nilijulia kwenye barabara ya Bugarama. Gari ilikuwa inakuja, mi naiona imeshafika."

Daktari aliandika. Akasema, bila kumlaumu mtu, kwamba wengi huja wamechelewa hivyo, na kwamba kama ungekuwa mwaka jana, hata ule mwezi wa nane au wa tisa, jicho la kulia lingekuwa karibu zima. Hakujua huo mwezi wa nane alikuwa ananipiga nao wapi.

Tulipotoka tulikaa kwanza kwenye benchi la nje, macho yake bado yamelegea kwa dawa. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Niliuliza kwa sauti ndogo, lakini bado lilikuwa swali la mtu anayetafuta wa kugawana naye lawama.

"Nilikuwa nataka kukuambia," akasema. "Siku ya dot. Nilikuwa nimepanga mi na we tukirudi, nikuambie nipelekwe kwa docteur. We ukasema yule muzee, mutu haoni abaki kwake. Nikaogopa."

"Nilisema kwa ule muzee. Sikusema kwako."

"Najua." Alifuta chozi la dawa kwa ncha ya kitenge. "Halafu ukaniweka nyuma. Kule nyuma hakuna mutu aliniuliza naona nini. Nikajisemea, sasa haidhuru, hata nisione, hakuna mutu nitaua."

Nilitaka kumwambia anisamehe, na neno hilo nililisema, nalo lilitoka dogo kama la mtu aliyemkanyaga mwenzake sokoni. Alinipigapiga mkono. Hicho ndicho kilichoniumiza zaidi, kwamba yeye ndiye aliyekuwa ananibembeleza. Kama pale kando ya barabara ningeuliza tu "kwa nini hukuiona?", nikatulia, nikangoja jibu kwa dakika moja kati ya zile tano nilizofika nazo Muramvya, mke wangu leo angekuwa anawaona watoto wanaopita pembeni yake. Nimelifikiri hilo kila siku. Sijapata namna ya kulifikiri likaniuma kidogo.

Gari lilikuwa uani, kwenye kivuli cha ukuta. Audace hakuwa nasi siku ile. Nilitangulia, nikafungua mlango wa kushoto, wa mbele, nikapangusa kiti kwa kiganja.

"Kuja mbele, Mama Mélissa," nikamwambia. "Hiki ni kiti chako."

Alisimama. Aligeuza kichwa chote, taratibu, mpaka akaupata ule mlango, kiti, na mimi.

"Mbele nitakufanyia nini?" akauliza. Hakuwa na hasira hata kidogo. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli.

"Hakuna. Kukaa tu na mimi."

"Apana, Papa Mélissa. Nyuma nimeshazoea."

Mkono wake ulipita kwenye bati, ukatafuta mpini wa mlango wa nyuma, ukaukosa, ukarudi, ukaupata. Akaingia, akavuta kitenge chake kisibanwe, akafunga. Nilibaki nimeshika ule mlango wa mbele ulio wazi. Nyuma yetu kuna gari lilitaka kutoka, likapiga honi, halafu likapiga tena, na mlinzi akaja kuniambia, "Patron, ondoa gari, uko umezuia watu." Nikaufunga mlango, nikazunguka upande wangu, nikaondoka na kile kiti kitupu pembeni yangu.